Chai ya Kuuzia Krimu

Sokoni hakuna anayekuuliza umezaliwa wapi. Wanakuuliza unauza nini, na jibu lako ndilo linakuwa jina. Mimi nauza ndoo, mabeseni na majagi ya plastiki, kwa hiyo mimi ni Mzee wa Ndoo, na uzee huo nilipewa kabla sijaota mvi. Jirani yangu, ng'ambo ya njia, aliuza krimu na losheni za uso. Yeye walimwita Nyororo. Hakuitwa hivyo kwa sababu ya bidhaa. Aliitwa kwa sababu ya shavu lake.

Nasema kama mfanyabiashara, si kama mwanamume: lile shavu lilikuwa mtaji. Mimi ndoo yangu naweza kuigonga ngumi ukasikia haina ufa. Krimu utaigonga wapi? Anayenunua krimu anamtazama anayeuza. Nyororo alilijua hilo tangu siku za kutembeza makopo kwenye beseni kichwani, akiingia ofisi hadi ofisi, akifukuzwa na walinzi, akirudi kwa mlango wa nyuma. Alitembea hivyo mpaka akapata kona ya lango kuu. Ukitoka barabarani kuingia sokoni, upende usipende, unapita mbele ya meza yake. Kona ile wengi tuliitolea macho, mimi nikiwa wa kwanza.

Mume alikuwa naye, wakaachana. Mtoto hakupata. Shamba hana, nyumba ni ya kupanga. "Kona ndiyo mume wangu, Mzee," alikuwa akiniambia. "Tena huyu harudi amelewa." Tatizo la mume huyo ni sheria ya soko: meza ikikaa mwezi mzima bila mwenyewe wala mtu wa ukoo wake kuuza hapo, uongozi unampa mwingine. Na waliokuwa wakiisubiri hawakuwa watu wa kusahau tarehe.

Sasa, ufundi wake. Shavu linamsimamisha mteja, lakini mteja aliyesimama bado ana miguu ya kuondokea. Nyororo alikuwa na chupa kubwa ya chai chini ya meza na vikombe vidogo vya udongo. Mteja akishika kopo tu, kikombe kimeshamiminwa. "Karibu chai kwanza, mama, krimu haikimbii." Na yeye anajimiminia chake, wanakunywa pamoja, maana mtu hanywi cha mgeni asiyemjua mpaka amwone mwenyewe anakunywa. Akishakunywa chako, anaona haya kuondoka mikono mitupu. Nilimsifu kwa hilo. Nilifikiria hata kuiga, ila nani ataketi anywe chai kwa ajili ya jagi?

Ile chai ilikuwa tamu ya kugandisha midomo. Chai isiyo na sukari ya kutosha, alisema, inamwambia mteja kwamba mwenye meza kafilisika. Basi kila mteja kikombe, na kila kikombe cha mteja na chake. Asubuhi mpaka kufunga. Mchana hakula chakula cha maana, angeiacha meza kwa nani? Alichovya mkate mweupe katika chai hiyohiyo, akaendelea. Miaka ikapita hivyo, na biashara ikasimama.

Mabadiliko hayakuja kwa hodi. Mimi niliyaona kwanza shingoni, ngozi kama karatasi iliyokunjwa ikakunjuliwa. Halafu mikunjo miwili ikashuka pembeni mwa mdomo. Halafu shavu lenyewe likapoteza ule mrudio wake. Lilikuwa likibonyezwa linajaa, sasa likibonyezwa linafikiri kwanza. Rangi nayo ikafifia, ikawa na unjano fulani. Hakuwa mzee. Mimi nilikuwa nimemzidi kwa miaka mingi, na mimi ninaungua jua kila siku napakua ndoo.

Siku mambo yalipotamkwa, dada yake alikuwapo. Huyo ni dada mkubwa hasa, aliyembeba mgongoni. Alikuwa mfuaji nguo katika hoteli, anashinda kwenye mvuke na shuka za wageni, na mchana hupita sokoni kumjulia hali mdogo wake. Mwanamke mkavu, maneno machache. Utotoni meno yalimtesa mpaka akang'olewa mawili na fundi asiye na ganzi, na tangu hapo sukari aliiogopa kama moto. Hata chai ya mdogo wake hakuigusa. Usoni hakupaka kitu zaidi ya maji.

Akaja bibi harusi mtarajiwa na shangazi yake. Shangazi ni wa wale wanaonunua kwa kutukana.

"Haya ndiyo makopo yanayosifiwa?" akauliza.

"Ndiyo haya, mama. Karibuni chai."

Shangazi akapokea, akanywa, akamtazama Nyororo, kisha akamtazama dada aliyeketi kwenye kigoda. Uso ukamchangamka. "Wewe ndiye wa kuuliza! Unatumia lipi hapa, mwanangu? Na huyu mama yako mbona hujampa naye apake?"

Dada akanyanyuka kidogo kwenye kigoda. Bibi harusi akaona kitu hakiko sawa, akamvuta shangazi mkono. Nyororo akacheka, kicheko cha mezani, akajigusa kifua, akasema, "Mama mzima huyu, hapaki, anaona uvivu." Akawauzia kopo kubwa. Walipoondoka, dada akasema, "Ungewaambia."

"Ningewaambia nini? Kwamba niliyekuzaa nimekufuata kuzaliwa?"

Wakacheka wote wawili. Mimi pia nilicheka. Lakini toka siku hiyo Nyororo aliacha kuweka kioo mezani.

Alichofanya baadaye ndicho angefanya muuza krimu yeyote: alilaumu krimu. Akili yake yote ilikuwa ndani ya kopo. Uso ukiharibika, basi kopo limeharibika. Akabadilisha ya asubuhi, akabadilisha ya jioni, akachanganya mbili, akaacha zote kisha akarudia zote. Msambazaji alipokuja na mzigo, Nyororo akamwambia mbele za watu kwamba anamletea mali bandia.

Msambazaji alikuwa kijana wa viatu vinavyong'aa hata siku za tope. "Dada yangu," akasema, "kopo hilohilo nawapelekea wenzako, na hakuna aliyelalamika. Mimi nauza krimu, siuzi miaka."

"Unasema nimezeeka?"

"Nasema uso wako unaniharibia soko. Watu wanakuona wewe ndipo wanaliona kopo. Mimi naweza kuhamishia mzigo meza nyingine, sijafanya hivyo kwa heshima tu."

Hapo nikajua kona iko hatarini. Meza ya krimu isiyo na krimu ni ubao.

Kumbe uso ulikuwa unachelewa kusema. Kiu ilikuwa imeshamkamata, maji anakunywa kama anazima kitu, na chooni anakwenda mpaka mimi ndiye mlinzi wa makopo. Halafu siku moja akavuka njia na kopo mkononi. "Mzee, nifungulie hili."

Nikalifungua. Lilikuwa halijakazwa. Nikamtazama vidole. Ngozi ya juu imekuwa nene, inang'aa kama imepakwa nta, na vidole havinyooki. Dada yake, aliyekuwa anatuangalia, akamwambia, "Hebu weka viganja pamoja." Akaweka. Ncha za vidole zikagusana, viganja vikagusana, katikati pakabaki uwazi wa kupitisha limau. Akasukuma, havikufungana. Yeye akajaribu tena, taratibu, kama mtu anayejaribu ufunguo katika kitasa alichozoea.

Niliwapeleka zahanati kwa kigari changu cha mizigo, Nyororo amekaa juu ya mabeseni. Muuguzi alikuwa mwanamke mfupi mwenye sauti ya kugombeza, akamchoma kidole, akakitazama kipimo, akakipiga kipimo kofi, akamchoma kingine. "Mama, hii si damu, hii ni sharubati."

"Mimi nimekuja kwa ajili ya vidole," Nyororo akasema. "Na uso."

"Ni kitu kimoja. Umewahi kubanika mkate? Ule wekundu unaokuja juu, na ule ugumu, unatoka wapi? Sukari iliyomo na protini iliyomo zinashikana kwenye joto. Mwilini mwako hakuna moto wa jiko, lakini kuna joto, kuna sukari, na kuna muda wa kutosha. Ngozi yako inashikiliwa na nyuzi za protini, zinaitwa kolajeni. Zinatakiwa zivutike na kurudi, ziteleze moja juu ya nyingine. Sukari ikizidi kwenye damu inaziganda, inaufunga uzi huu na ule, fundo hapa, fundo pale. Ngozi inakakamaa. Ukicheka ikajikunja, kunjo halirudi. Na vidole ndiyo hivyo."

"Kwa hiyo ni sukari tu?" dada akauliza.

"Nani kasema tu? Jua linakula ngozi, moshi wa sigara unakula, umri unakula, na kuna koo zinazokunjamana mapema. Lakini huyu kwa kipimo hiki, sukari imekula na imebeba nyingine nyumbani."

Nyororo akaegemea mbele. Ile sura ya kupatana bei niliitambua. "Sawa. Krimu gani inafungua mafundo?"

"Hakuna."

"Ya bei yoyote."

"Mama, hizo nyuzi mwili haubadilishi kila mwezi. Zinakaa miaka na miaka. Fundo lililofungwa, kwa sehemu kubwa, utakaa nalo. Dawa hizi, na kuacha hiyo sukari, ni ili yasifungwe mengine. Na uso ndio habari ndogo. Una macho, una figo, una miguu."

"Uso ndio unaonilisha, mwanangu. Figo hakuna mteja aliyewahi kuiona."

Muuguzi akaandika dawa.

Nitakuwa mkweli kwa Nyororo: alijaribu. Dawa alimeza. Mkate mweupe aliacha. Chai ndiyo iliyokuwa na kazi. Kwanza alijaribu kukaa na kikombe kitupu, anakipeleka mdomoni na kumeza mate. Wateja si vipofu. Kisha akajaribu kuwapa wote chai isiyo na sukari. Wakainywa nusu, wakaweka vikombe, wakaweka na makopo. Mwishowe akaja na chupa mbili zinazofanana, moja ya wateja, moja yake. Akaweka yake kushoto. Kwa majuma kadhaa mambo yakaenda, na kiu ikapungua, na nikamwona akifungua kopo mwenyewe. Nikasema moyoni, huyu mwanamke atawashinda wote.

Aliyeharibu hakuwa adui. Alikuwa mshonaji, mteja wake wa siku nyingi, mcheshi, mtu wa kushika kila kitu. Siku hiyo wateja wengine wapo, na mshonaji akaona kikombe chake kimetoka chupa hii na cha Nyororo chupa ile.

"Eti, wewe unajificha na ya peke yako? Nionjeshe hiyo."

"Acha, ni ileile."

"Kama ni ileile basi tubadilishane." Akakichukua kikombe kwa utani, akanywa. Uso ukambadilika. "Hii haina sukari hata chembe. Mbona sisi unatupa ile na wewe unakunywa hii? Ile ina nini?"

Nyororo angeweza kusema, nina kisukari. Maneno mawili tu. Lakini kuyasema pale, na uso ule, ni kuwaambia wateja kwamba krimu zote zile hazikufua dafu mbele ya kijiko cha sukari. Akasema, "Ya kwenu ni nzuri zaidi, ndugu yangu, ndiyo maana nawapa nyie." Jibu zuri. Mimi ningelisema hilohilo. Lilikuwa bovu kuliko yote.

Kufika adhuhuri soko zima lilikuwa na habari: Nyororo anawanywesha watu dawa ya kuwafanya wanunue. Ndiyo maana hakuna aliyewahi kuondoka pale mikono mitupu! Walioona haya miaka yote sasa walipata sababu nzuri kuliko haya. Wakapita mbele ya kona wakiangalia upande wangu. Mmoja alisema kwa sauti kwamba hiyo dawa ndiyo iliyomrudi mwenyewe usoni. Msambazaji akapeleka nusu ya mzigo kwa meza ya ndani. Wanaoisubiri kona wakaanza kunisalimia kwa upole, wanauliza majirani wakoje.

Alivumilia wiki, akauza kopo moja. Asubuhi iliyofuata akaja na chupa moja tu, akaipandisha juu ya meza badala ya kuiweka chini, akapanga vikombe, akasimama.

"Nani anaiogopa? Njooni! Chupa moja, chai moja, mimi wa kwanza." Akajimiminia, akanywa mpaka mwisho, akakigeuza kikombe waone. Mshonaji ndiye aliyekuja wa kwanza, kwa aibu ya aliyoyaanzisha. Wakanywa pamoja. Akaja mwingine. Kwa kila aliyesita, Nyororo alikunywa viwili.

Nilivuka njia watu walipopungua. "Unauza mguu kununua kona," nikamwambia.

"Na mguu usio na kona utanipeleka wapi, Mzee?"

Nimepatana na watu wengi maishani, na nilitafuta upande wa kumkatia bei, sikuuona. Dada yake alikuja mchana, akaiona chupa juu ya meza, akaketi kwenye kigoda, kisha akanyanyuka na kurudi kwenye mashuka yake.

Wateja walirudi. Hilo nalo nisilifiche, walirudi wote, na mzigo ukarudi. Na kiu ikarudi, na vidole vikajipinda zaidi, mpaka wateja wakawa wanajifungulia makopo wenyewe na yeye anaita hiyo ndiyo huduma mpya. Kiatu kikamchubua kisigino. Mchubuko wa kawaida, mimi hupata kila wiki. Ngozi yangu hufunga, ya kwake haikufunga. Ilikaa wazi kama mdomo, kingo zake ngumu, na hakuusikia uchungu, ndiyo maana alichelewa. Harufu ndiyo iliyomtangulia sokoni. Hospitali walimkata mguu chini ya goti.

Kona ikafungwa. Siku zikaanza kuhesabiwa, na si na sisi tuliompenda. Nilikwenda kumwona nyumbani, chumba kimoja, makopo yamepangwa ukutani mengi kuliko sahani. Amekaa kwenye kiti cha plastiki, nilichompelekea mimi, na dada yake amesimama mlangoni na nguo za kazini. Nilikuwa nimekuja na neno la biashara: aniuzie haki ya kona kabla haijachukuliwa bure. Alinisikiliza mpaka mwisho.

"Bei yako ni ya msiba," akasema. "Sijafa." Akamgeukia dada. "Wewe utakaa."

"Mimi? Kazi yangu je?"

"Mashuka hayana kona. Kaa pale tu, uso wako utauza. Usiongee sana."

"Mimi sijawahi kupaka hata tone la vitu hivi."

"Wasipokuuliza, usiseme. Wakikuuliza unapaka nini, shika kopo."

"Huo ni uongo."

"Mimi nilisema kweli," Nyororo akajibu. "Nilipaka kweli, kila siku ya Mungu. Nitazame."

Dada akamtazama. Akavuta kigoda, akakaa, akaanza kumfungulia kitambaa cha mguu ili autazame mshono. Jumatatu nilimkuta kwenye kona. Hakuweka chai. Alikaa kimya, mikono mapajani, na wanawake wakasimama mmoja mmoja, wakamtazama usoni. Msambazaji alifika, akamwona, akavua kofia. Sikumbuki kumwona akivua kofia kabla ya hapo. Akashusha mzigo kamili.

Jioni nilimrudisha kwa kigari, maana makopo yaliyobaki hayawezi kulala sokoni. Nyororo alikuwa amekigeuza kiti kielekee mlango.

"Waliuliza?"

"Waliuliza."

"Ukafanyaje?"

"Nikashika kopo."

"Wakanunua?"

"Wakanunua." Dada alikuwa akiyapanga makopo ukutani, mgongo kwetu. "Yule shangazi naye alikuja. Kaniuliza mama yangu anaendeleaje."

Nyororo akautazama ukuta. Nilidhani atacheka, au atalia, nikajiandaa kuaga.

"Kesho kaa upande wa kulia wa meza," akasema. "Mwanga ni mzuri zaidi huko."